Kutoka Solfa hadi Okestra: Historia ya Mafunzo na Kazi ya Mwongozaji wa Muziki katika Mpaka wa Busia na Tororo

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya mwongozaji wa muziki, yaani mtu asimamaye mbele ya kwaya, bendi au okestra na kuiongoza kwa mikono, katika eneo la Busia na Tororo lililo kwenye mpaka wa Kenya na Uganda. Hoja kuu ni kwamba kazi hii ililelewa na taasisi ambazo hapo awali hazikutambua mpaka: makanisa, vyuo vya ualimu na bendi za dola. Njia ya mafunzo haikukatwa na mstari uliochorwa mwaka 1902, bali na hatua za baadaye zilizozifanya taasisi hizo kuwa mali ya taifa mojamoja. Makala yanaonyesha pia kwamba kilichomzuia mwalimu wa kwaya wa mpakani kuifikia okestra ni aina ya nota alizofundishwa, na kwamba pengo hilo ni dogo kuliko linavyodhaniwa. Mwisho yanatolewa mapendekezo kwa watunga sera wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Katika historia ya muziki wa Afrika Mashariki, watunzi na waimbaji wameandikwa zaidi kuliko waongozaji. Sababu si ngumu kuiona. Mtunzi huacha wimbo, na mwimbaji huacha sauti katika santuri au kanda. Mwongozaji, kwa upande wake, hufanya kazi yake yote katika hewa; mikono ikishashushwa, hakuna kinachobaki isipokuwa kumbukumbu za waliokuwapo. Hata hivyo, ndiye anayeamua mwendo wa wimbo, mahali pa kuvuta pumzi, sauti ipi isikike na ipi ijifiche. Kumwacha nje ya historia ni kuisimulia safari ya jahazi bila kumtaja nahodha.

Busia na Tororo ni mahali pafaapo kuuliza swali hili. Mji wa Busia umelala pande mbili za mpaka, na Mto Sio ni sehemu ya mpaka wenyewe. Kaskazini yake kipo kivuko cha Malaba, karibu na Tororo, ambako reli itokayo Nakuru huingia Uganda. Wasamia na Wateso wako pande zote mbili, na Wajopadhola wa Tororo wana undugu wa lugha na Wajaluo wa Kenya. Anayeimba upande mmoja husikika upande wa pili. Je, anayefunzwa kuongoza upande mmoja hutambuliwa upande wa pili? Hilo ndilo swali la makala haya.

2.0 Uongozi kabla ya kijiti

Si sahihi kudhani kwamba uongozi wa kundi la wanamuziki uliletwa na wageni. Kilicholetwa ni namna moja ya uongozi. Katika ngoma za Afrika Mashariki, kiongozi hukaa ndani ya muziki. Pwani, manju huanzisha wimbo na waitikiaji humpokea, naye sogora huwaongoza wapigaji wenzake kwa mapigo ya ngoma yake. Miongoni mwa Wateso, vikundi vya akogo hukusanya ala hizo za ukubwa mbalimbali, ndogo kwa kubwa, na anayeongoza naye anayo ala yake mkononi. Amri hutolewa kwa sauti: pigo lililobadilika, filimbi, au mwito wa mwimbaji.

Mwongozaji wa Kizungu hutofautiana na hao kwa jambo moja la msingi: yeye hatoi sauti. Husimama nje ya muziki, akiwatazama wapigaji, na amri zake huonekana badala ya kusikika. Huko Ulaya kwenyewe desturi hii si ya kale sana. Kijiti kilienea katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, kadiri okestra zilivyokua na kazi ya kuziongoza ikatengwa na ile ya kupiga kinanda au fidla. Kwa hiyo, desturi hii ilipofika mashariki mwa Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, ilikuwa bado changa hata huko ilikotoka.

Tofauti hii ina maana kwa mafunzo. Kiongozi wa ngoma hujifunza kwa kucheza karibu na mkubwa wake hadi siku anapoachiwa nafasi. Mwongozaji asiyetoa sauti huhitaji mtu wa kumfundisha ishara, karatasi ya kusoma, na kundi la kujaribia. Vitu hivyo vitatu hutolewa na taasisi. Na taasisi ya kwanza kuvitoa hapa ilikuwa kanisa.

3.0 Misheni moja, nchi mbili: 1894–1925

Mwaka 1894 Kanisa Katoliki liliunda Vikarieti ya Upper Nile na kuikabidhi kwa wamisionari wa Mill Hill. Eneo lake lilijumuisha mashariki mwa Uganda pamoja na nchi ambayo leo ni magharibi mwa Kenya. Kwa upande wa Waanglikana, kazi ya CMS huko Nyanza, ikiwemo shule ya Maseno iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikuwa chini ya Askofu wa Uganda.

Kiserikali mambo yalikuwa yamekwisha kubadilika. Tarehe 1 Aprili 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda lilihamishiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Hata hivyo, makanisa hayakuufuata mstari huo mara moja. Wakatoliki walisubiri hadi mwaka 1925, ilipoundwa Prefekture ya Kavirondo. Waanglikana walihamishia Nyanza katika Dayosisi ya Mombasa mwaka 1921. Hivyo basi, kwa takriban miongo miwili, mpaka wa serikali ulikuwapo lakini mpaka wa kwaya haukuwapo. Katekista aliyefundisha nyimbo upande wa mashariki wa Mto Sio na mwenzake wa upande wa magharibi walikuwa chini ya askofu mmoja.

Katekista huyo ndiye mwongozaji wa kwanza wa aina mpya. Kazi yake haikuitwa hivyo, aliitwa mwalimu. Jina hilo limebaki: hadi leo, pande zote mbili za mpaka, anayeongoza kwaya huitwa mwalimu wa kwaya, hata kama hajawahi kushika chaki darasani.

4.0 Aina mbili za maandishi

Mwalimu huyo alifundishwa kusoma muziki kwa njia gani? Jibu la swali hili limeathiri kazi ya waongozaji hadi leo.

Katika shule na makanisa ya Kiprotestanti, njia iliyotawala ilikuwa solfa, mfumo uliosambazwa Uingereza na mchungaji John Curwen kuanzia miaka ya 1840. Solfa haihitaji mistari wala alama za duara. Huandikwa kwa herufi: d, r, m, f, s, l, t, na muda wa kila sauti huonyeshwa kwa vituo na nukta. Inaweza kuandikwa ubaoni kwa chaki, kunakiliwa katika daftari la kawaida, na kuchapwa kwa mashine ileile inayochapa barua. Kwa shule isiyo na kinanda wala fedha ya kununua vitabu vya nota, faida hiyo ilikuwa kubwa mno. Solfa ilifungua mlango wa uimbaji wa sauti nne kwa maelfu ya watu, tena kwa gharama ndogo sana.

Wakatoliki nao walikuwa na urithi wa wimbo wa Kigregoriani, ulioandikwa kwa nota za mraba juu ya mistari minne na kuimbwa kwa Kilatini kwa sauti moja. Mageuzi makubwa yalikuja tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotangaza hati kuhusu liturujia iliyoruhusu lugha za wenyeji na kuhimiza muziki wa watu wa mahali husika upewe heshima yake. Ghafla, mwalimu wa kwaya wa parokia alitakiwa kuongoza nyimbo ambazo hazikuwamo katika kitabu chochote. Wengi walilazimika kuwa watunzi, na walipotunga, waliandika kwa solfa.

Okestra, kwa upande mwingine, haiongozwi kwa solfa. Karatasi ya mwongozaji wa okestra huweka ala zote kwa mistari mitano mitano, kuanzia filimbi juu hadi besi chini. Zaidi ya hayo, baadhi ya ala huandikwa katika sauti isiyo ile inayosikika: klarineti ya si-bemoli ikiandikiwa do ya mistari mitano, husikika toni moja chini yake. Mwongozaji hana budi kuyaona maandishi hayo na kusikia kichwani sauti halisi. Mwalimu wa kwaya aliyelelewa na solfa peke yake, hata awe na sikio kali kiasi gani, hujikuta amesimama mbele ya mlango uliofungwa.

5.0 Ualimu kama njia ya uongozaji

Kwa Mwafrika wa nusu ya kwanza ya karne ya 20, hapakuwa na shule ya kuongoza okestra. Palikuwa na njia mbili za kukaribia. Ya kwanza ilikuwa bendi za jeshi na polisi. Kiongozi wa bendi alitakiwa kuzijua ala za kupuliza na kusoma nota za mistari mitano, kwa kufuata desturi ya Kneller Hall, shule ya muziki wa kijeshi ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1857. Njia hiyo ilitoa wasomaji hodari wa nota, lakini ilikuwa nyembamba, na yeyote aliyeipita alivaa sare.

Njia ya pili, pana zaidi, ilikuwa ualimu. Makerere, iliyoanzishwa mwaka 1922, ilikua na kuwa chuo cha Afrika Mashariki nzima, na wanafunzi kutoka Kenya walipita mpaka huu wakielekea Kampala. Vyuo vya ualimu vilihitaji watu wa kufundisha nyimbo, na matamasha ya muziki ya shule, yaliyoanza Kenya katika miaka ya 1920, yaliwapa waongozaji uwanja wa kupimwa mbele ya majaji. Katika tamasha, mwalimu alijifunza mambo ambayo darasa halikumpa: jinsi ya kutoa pigo la maandalizi ili waimbaji wavute pumzi pamoja, jinsi ya kuutenga mkono wa kushoto kwa ajili ya nguvu za sauti huku wa kulia ukishika mwendo, na jinsi ya kumaliza wimbo bila sauti moja kuchelewa.

Afisa aliyesimamia muziki na tamthilia katika serikali ya kikoloni ya Kenya, Graham Hyslop, aliijua njia hii vizuri. Yeye anajulikana kwa wasomi wa Kiswahili kwa tamthilia zake za miaka ya 1950, lakini aliandika pia mwongozo wa uimbaji kwa walimu. Kwamba mtu mmoja alihudumia fasihi ya Kiswahili na mafunzo ya kwaya ni ushahidi wa jinsi nyanja hizi mbili zilivyokaribiana.

6.0 Nyimbo mbili za taifa na watu wa njia moja

Miaka ya 1962 na 1963 inaonyesha matunda ya njia hiyo. Wimbo wa Taifa wa Uganda ulitungwa na George Wilberforce Kakoma, aliyezaliwa mwaka 1923 na kusomea muziki London katika Trinity College of Music. Huyu alikuwa mwalimu na mkaguzi wa muziki, mtu wa shule kabla ya kuwa mtu wa jukwaa.

Mwaka uliofuata, Kenya iliteua tume ya watu watano kuandaa wimbo wake: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Tume ilichagua kiini cha wimbo kutoka kwenye bembelezi ya Wapokomo wa Mto Tana. Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba Senoga-Zake alikuwa mzaliwa wa Uganda. Alifanya kazi Kenya kwa miaka mingi, akafundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta, na mwaka 1986 akachapisha kitabu kuhusu muziki wa jadi wa Kenya. Hivyo, Mganda alikaa katika meza iliyoipa Kenya wimbo wake, na hakuna aliyeliona hilo kuwa ajabu. Ufundi wake ndio uliokuwa hati yake ya kusafiria.

Wimbo wa taifa ni pia kipimo cha malipo ya kazi hii. Kakoma alipewa Shilingi 2,000 kwa utunzi wake. Akiwa mzee, alikwenda mahakamani kudai mirabaha, na alifariki mwaka 2012. Ikiwa aliyeipa nchi wimbo uimbwao kila siku shuleni alilazimika kudai haki yake kwa njia hiyo, hali ya mwalimu wa kwaya wa kijijini haihitaji maelezo marefu. Kazi yake imekuwa ya kujitolea, ikilipwa kwa shukrani, nauli na chakula cha siku ya tamasha.

7.0 Njia inakatwa: 1967–1987

Ikiwa mwaka 1902 haukuikata njia ya mwongozaji, ilikatwa lini? Jibu ni kwamba ilikatwa hatua kwa hatua baada ya uhuru, na kila hatua ilikuwa na sababu zake njema. Mwaka 1967 Kenya ilianzisha Tume ya Utumishi wa Walimu, na uajiri uliokuwa mikononi mwa misheni na mabaraza ukawa wa dola. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kiligawanywa kuwa vyuo vitatu vya kitaifa. Mwaka 1971 Makerere ilianzisha idara ya muziki, dansi na maigizo, wakati ambapo Wakenya hawakuwa tena wakiingia humo kama chuo chao wenyewe. Mwaka 1976 Idi Amin alidai sehemu za magharibi mwa Kenya kuwa za Uganda, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mwezi Desemba 1987 majeshi ya pande mbili yalipambana hapo Busia.

Kwa kejeli ya historia, kipindi hicho hicho kiliwaleta Kenya walimu wengi wa Uganda waliokimbia utawala wa Amin, nao wakafundisha katika shule za Kenya. Ujuzi uliendelea kuvuka. Kilichoacha kuvuka ni utambuzi wa ujuzi huo. Mwalimu aliyevuka alikuwa mkimbizi au mgeni, si mwenzi katika taaluma.

Kila nchi ilijenga nyumba yake. Kenya ilipata ripoti ya Tume ya Rais ya Muziki wa Taifa mwaka 1984, iliyoongozwa na Washington Omondi yule yule wa mwaka 1963, na tangu 1985 mfumo wa 8-4-4 uliupa muziki nafasi shuleni. Lakini hata Busia ya Uganda, iliyotengwa na Wilaya ya Tororo mwaka 1997, iliendelea kutazama Kampala, na Busia ya Kenya ikatazama Nairobi. Miji miwili yenye jina moja ilipeana visogo.

8.0 Okestra iko mbali kiasi gani?

Okestra za Afrika Mashariki zilianza katika miji mikuu na miongoni mwa wageni. Chuo cha muziki cha Kenya Conservatoire kilianzishwa mwaka 1944, na Okestra ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1947 na Nat Kofsky. Kwa miongo mingi waongozaji wake hawakuwa Waafrika. Hali imebadilika katika karne hii: Levi Wataka, Mkenya, ameiongoza Okestra ya Nairobi, na mradi wa Ghetto Classics, ulioanza Korogocho mwaka 2008, umeonyesha kwamba fidla na tarumbeta zinaweza kufundishwa mahali ambapo hapakutarajiwa.

Busia iko takriban kilomita 200 kutoka Kampala na zaidi ya 400 kutoka Nairobi. Lakini umbali mkubwa zaidi ni ule wa nota, na hapa historia inatupa hoja ambayo haijatiliwa maanani. Katika solfa, do huhama. Mwalimu wa kwaya hutoa do yake mahali popote panapowafaa waimbaji, na wimbo wote huifuata. Anajua tangu siku ya kwanza kwamba jina la sauti na kimo chake ni vitu viwili tofauti. Huo ndio msingi wa ala zinazohamisha sauti, kama klarineti, ambao huwasumbua sana wanafunzi waliofundishwa kwamba kila nota ina mahali pamoja tu. Mwalimu wa solfa, kwa hiyo, haanzi sifuri. Anachokosa ni kusoma mistari, pamoja na muda mbele ya ala halisi. Sikio, mkono na mamlaka mbele ya watu anavyo tayari.

9.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala yameonyesha kwamba mwongozaji wa muziki wa mpakani ni zao la taasisi, na kwamba njia yake ilifungwa na taasisi hizo zilipojifunga ndani ya mipaka ya kitaifa. Kinachoweza kupotea ni kikubwa: ujuzi wa kizazi kizima ambao hauna cheti, haumo katika maktaba, na ambao wenye nao wanazeeka. Kutokana na hayo, makala yanapendekeza yafuatayo.

Kwanza, Ibara ya 11 ya Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inazitaka nchi wanachama kutambuana vyeti vya elimu na taaluma. Wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi walikuwa wa kwanza kufaidika. Walimu wa muziki wafikiriwe, na mpaka wa Busia na Malaba uwe mahali pa kujaribia.

Pili, vyuo vikuu vya pande mbili vishirikiane kuandaa mafunzo mafupi ya kuwatoa walimu wa kwaya katika solfa na kuwafikisha kwenye nota za mistari mitano, kwa kuanzia na wanachokijua badala ya kukidharau.

Tatu, madaftari ya solfa yaliyomo katika parokia na nyumba za walimu yakusanywe na kunakiliwa kabla mchwa hawajayamaliza. Hayo ndiyo kumbukumbu pekee za maandishi ya kazi hii.

Nne, istilahi za uongozaji ziundwe na kusanifiwa kwa Kiswahili. Wimbo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliopitishwa mwaka 2010, ni wa Kiswahili, na Tamasha la Utamaduni la Jumuiya limekuwa likifanyika tangu lile la Kigali la mwaka 2013. Waimbaji wa nchi mbalimbali wanaimba lugha moja. Waongozaji wao nao wanahitaji lugha moja ya kufundishiana.

Mwezi Februari 2018 marais wa Kenya na Uganda walizindua Kituo cha Huduma kwa Pamoja cha Busia, ambako msafiri na mzigo hukaguliwa mara moja tu. Cheti cha mwalimu wa kwaya bado hakijapata dirisha lake hapo. Kulifungua hakuhitaji jengo jipya. Kunahitaji uamuzi wa kutambua kazi ambayo imekuwa ikivuka mto huo tangu kabla ya mpaka kuwapo.